Wifi yangu anasema namfukuza kwa mama yake

Shikamoo Shangazi,

Nimeona nikuandikie kabla sijagombana na watu wote waliobaki.

Mimi ni mama wa watoto wawili. Naishi na mume wangu pamoja na mama mkwe wangu, ambaye ana miaka 74 na anatumia dawa za presha na kisukari. Tangu masharti ya kuachiana nafasi yaanze, mimi ndiye ninayetoka kununua mahitaji ya nyumba. Mume wangu anafanyia kazi nyumbani, mama hatoki kabisa, watoto hawatoki bila sababu. Kwa hiyo korona ikiingia humu ndani, itakuwa imeingia na mimi. Hilo linaninyima usingizi.

Ngoja nikueleze ninavyojilinda, usije ukadhani mimi ni mzembe. Nikienda dukani navaa barakoa mbili na glavu. Sishiki kitu nisichonunua. Nikirudi, mifuko inabaki barazani siku tatu, kwa sababu nilisoma kwamba kirusi kinakaa kwenye plastiki saa 72. Vile visivyoweza kungoja naviosha kwa maji ya sabuni kimoja kimoja, matunda na mboga vikiwemo. Makopo nayapangusa kwa klorini. Viatu vinalala nje, nguo zinakwenda kwenye ndoo moja kwa moja. Shughuli hiyo inakula jioni nzima na vidole vyangu vimechubuka, lakini navumilia.

Tatizo la kwanza ni foleni. Duka ninalokwenda limebandika utepe wa manjano sakafuni kuonyesha kila mtu asimame wapi, na watu wanaukanyaga kana kwamba ni pambo. Juzi bwana mmoja alisimama nyuma yangu karibu kiasi cha kusikia pumzi zake shingoni, barakoa kaishusha kidevuni, anaongea na simu kwa sauti. Nikasogea mbele, naye akasogea. Nikamwomba arudi nyuma kidogo, akacheka: "Dada, kama unaogopa watu si ukae nyumbani?" Shangazi, nilimjibu. Nilimjibu kwa sauti, na maneno mengine siwezi kuyaandika hapa. Keshia akatuomba tunyamaze, nikamgeukia na yeye, nikamwuliza amewekwa pale kwa kazi gani kama hawezi kuwapanga watu. Nilitoka natetemeka. Tangu siku hiyo nikikumbuka tu kwamba kesho ni siku ya duka, moyo unakwenda mbio.

La pili ndilo kubwa. Wifi yangu, dada wa mume wangu, huja kila Jumatano kumwona mama yake. Anafanya kazi ofisi yenye watu wengi. Akifika anamkumbatia mama, anavua barakoa "ili mama anione uso", halafu wanakaa sebuleni saa mbili, saa tatu. Mama sikio moja halisikii vizuri, kwa hiyo wifi humsogelea na kupaza sauti. Nilivumilia muda mrefu. Wiki iliyopita nilimtolea kiti barazani, nikamwambia kwa upole kabisa, "Wifi, leo tukae hapa nje." Alikitazama kile kiti, akanitazama mimi. Akasema, "Yaani unanifukuza kwa mama yangu?" Akaondoka bila kuketi. Mama alilia. Mume wangu hakusema neno, isipokuwa usiku aliniambia nimezidisha. Sasa wifi hapokei simu zangu, na kwenye kundi letu la WhatsApp ameandika kwamba siku hizi kuna watu wanapima udugu kwa rula. Wengine wameweka vicheko.

Kinachoniuma ni kwamba mimi sijawakataa watu. Rafiki zangu wawili bado huja Jumamosi jioni, tunakaa sebuleni tunapiga soga na kucheza karata hadi usiku. Lakini hao nawaamini. Wanajilinda kama mimi, kila mmoja anatakasa mikono mlangoni, na dirisha nalifunga ili vicheko vyetu visiwasumbue majirani. Kwa hiyo si kwamba nina roho mbaya.

Sasa mwezi ujao wifi anatimiza miaka 40 na ameandaa sherehe nyumbani kwake, ndani. Mwaliko ulikuja kabla ya ugomvi, tumealikwa sote pamoja na mama. Nisipokwenda nimeuzika udugu. Nikienda nimempeleka mama kwenye hatari kwa miguu yake mwenyewe. Nifanyeje, Shangazi? Na dukani, watu kama yule bwana niwafanye nini?

Ni mimi,
Mlinda Mlango


Marahaba, mwanangu.

Barua yako niliisoma kalamu mkononi, napiga mstari kila mahali watu wanapovuta hewa moja kwa muda mrefu. Nilipomaliza, dukani palikuwa na mstari mmoja mwembamba. Minene yote ilikuwa sebuleni kwako, na si ya Jumatano peke yake.

Jumamosi tutaifikia. Kwanza nikupunguzie kazi za jioni, maana mtu aliyechoka namna hiyo hawezi kusikiliza ushauri wa mambo ya wifi.

Zile saa 72 ulizosoma ni za kweli. Watafiti wa Marekani walizitangaza Machi 2020: maabarani waliweka kirusi juu ya plastiki na chuma cha pua, wakakikuta bado kipo mpaka saa 72, na kwenye kadibodi saa 24. Kilichokuwa kikibaki, hata hivyo, kilikuwa kinapungua saa baada ya saa, na rafu ya duka si meza ya maabara. Mwaka mmoja baadaye, Aprili 2021, Kituo cha Kudhibiti na Kuzuia Magonjwa cha Marekani kilisema kwamba kwa kawaida uwezekano wa kuambukizwa kwa kugusa kitu chenye kirusi ni chini ya 1 kati ya 10,000. Hapo panazungumzwa kitu ambacho tayari kirusi kipo juu yake. Mfuko wako wa barazani huenda haujawahi kukiona.

Kwa hiyo ingiza mifuko ndani. Panga vitu mahali pake, halafu nawa mikono kwa sabuni sekunde 20, basi. Matunda na mboga yatosha maji safi yanayotiririka. Sabuni haikutengenezwa iliwe, hujificha kwenye ngozi ya tunda na kuvuruga tumbo. Klorini iondoe kwenye makopo. Mvuke wake katika jiko lililofungwa unakudhuru wewe leo, wakati kopo halikuwa na ugomvi na mtu. Na glavu vua. Sabuni huua kirusi kwa kuwa inayeyusha ganda la mafuta linalokizunguka, lakini nani anayenawa akiwa na glavu? Glavu hutoka kwenye mpini wa kikapu ikaenda kwenye noti, ikaenda kwenye simu, ikapandisha barakoa iliyoteremka. Mkono mtupu na kichupa cha kitakasa mikono chenye spiriti isiyopungua asilimia 60 vinakutosha mpaka ufike penye maji. Barakoa mbili sina neno nazo, ila zikague puani: zikiacha mwanya pale juu, hata tatu hazisaidii.

Sasa foleni. Umesema utepe umekuwa pambo, nami nakuelewa, ila nao usiugeuze ukuta. Shirika la Afya Duniani lilisema angalau mita 1. Ujerumani waliweka mita 1.5. Uingereza walianza na mita 2, kisha Julai 2020 upande wa England wakaruhusu mita 1 iwapo kuna kinga nyingine kama barakoa. Marekani ilikuwa futi 6. Virusi haviwezi kuwa na adabu tofauti kwa kila nchi. Tofauti hizo zilitokana na watu kujaribu kuchora mstari mahali ambapo pumzi haina mstari. Tangu mwaka 1934 mtaalamu mmoja wa Marekani, William Wells, alieleza kwamba matone makubwa yanayotoka mdomoni huanguka haraka karibu na mtu, ilhali yale madogo sana hukauka kabla hayajafika chini na kubaki yanaelea. Utepe unakusaidia sana kwa yale ya kwanza. Kwa yale ya pili unahitaji hewa inayopita, barakoa iliyokaa vizuri, na muda mfupi.

Muda ndio unaonifanya nisimwogope sana bwana wako wa foleni, pamoja na kidevu chake. Wataalamu wa Marekani walipokuwa wakitafuta nani alikaribiana na mgonjwa, walimhesabu aliyekaa naye ndani ya futi 6 kwa dakika 15 au zaidi, zikijumlishwa ndani ya saa 24. Isichukuliwe kwamba dakika ya 14 ni salama na ya 16 ni kaburi. Lakini inakuonyesha walichokihofia ni kukaa pamoja, kuliko kupishana.

Mtu wa namna hiyo usimfundishe. Ukimwambia "rudi nyuma" mbele za watu umemvua heshima, na mwanamume aliyevuliwa heshima kwenye foleni hawezi kurudi nyuma hata akitaka. Mwambie, "Kaka, tangulia, mimi nina vitu vingi." Atashukuru, atapita, na kuanzia hapo wewe ndiye unayepima nafasi kati yenu. Kama ana haraka ya kweli, umemsaidia. Kama ni mkorofi, mgongo wake sasa ndio unaokutazama. Siku ambayo huwezi kumpisha, weka kikapu au toroli nyuma yako badala ya mbele. Watu huheshimu chuma kuliko utepe. Simama ubavu, usimgeuzie uso mkabishana, kwa kuwa kelele za watu wawili waliokasirika zinarusha matone kuliko ukimya wa saa nzima.

Andika orodha kwa mpangilio wa rafu, ili usirudi rafu ileile mara mbili. Nunua vya kutosha upunguze safari, bila kumaliza rafu. Wapo wengine nyuma yako. Na kama duka lina mlinzi wa mlangoni mwenye kipimajoto, usimpe imani usiyompa bwana wa foleni. Kifaa chake kinaona homa tu, na mtu anaweza kuambukiza siku mbili kabla hajahisi lolote.

Hizo siku mbili ndizo zinazonileta kwenye Jumamosi.

Umeandika kwamba rafiki zako "unawaamini". Nami nawaamini. Sidhani kama yupo kati yao anayeweza kukuletea maradhi kwa makusudi. Lakini uaminifu wake unahusu anayoyajua, na siku hizo mbili yeye mwenyewe hajui. Machi 10, mwaka 2020, wanakwaya 61 walikutana kwa mazoezi katika kaunti ya Skagit, jimbo la Washington. Walikuwa watu wanaofahamiana, wa nia njema kabisa. Mlangoni walipewa dawa ya kutakasa mikono, na siku hiyo waliacha kukumbatiana. Waliimba kwa saa mbili na nusu. Mmoja wao alikuwa na dalili alizodhani ni mafua. Baadaye wengine 52 walithibitika au walidhaniwa kuwa wameambukizwa, na wawili walifariki.

Januari mwaka huohuo, kwenye mkahawa mmoja mjini Guangzhou, China, watu 10 kutoka familia tatu waliambukizwa, na familia hizo zilikuwa zimeketi meza tatu zilizofuatana. Kulikuwa na kiyoyozi kilichozungusha hewa ileile kati ya meza hizo. Wahudumu waliokuwa wakipita na kurudi hawakuugua. Waliopita walinusurika, walioketi ndio walioumia.

Ukitaka kujua hewa ya chumba chako ikoje, chukulia kwamba kila aliyeingia anavuta sigara. Barazani moshi unakufikia kidogo, kisha upepo unauchukua. Sebuleni, dirisha limefungwa, karata zinaendelea, baada ya saa moja hata aliyekaa kona ya mbali nguo zake zinanuka. Kutakasa mikono mlangoni hakubadilishi kitu hapo. Na lile dirisha, mwanangu, lile dirisha ulilolifunga kwa ajili ya majirani! Lifungue. Majirani wasikie vicheko. Hakuna aliyewahi kulazwa kwa kusikia kicheko cha jirani.

Lakini kuna jambo jingine kuhusu hizo Jumamosi ambalo nadhani hukulitazama. Wifi yako anazijua. Mama yake anaishi humo ndani, anasikia karata zikipigwa mezani, na binti hupiga simu. Kwa hiyo siku ulipomtolea kiti barazani, yeye hakusikia habari za mita mbili. Alisikia kwamba marafiki wa mke wa kaka yake wanakaa sebuleni hadi usiku, na yeye aliyezaliwa na mwenye sebule anatengewa kiti nje. Rula aliyoisema ni hiyo. Si kwamba rula ni ndefu mno. Ni kwamba kwa wengine inapinda.

Ndiyo maana sikushauri umtafute maneno matamu zaidi. Anza na nyumba. Kaeni chini wewe, mume wako na mama mkwe wako, mkubaliane sharti moja kwa kila anayetoka nje ya nyumba hiyo, awe wa damu au wa karata. Na nimeona katika barua nzima hakuna mahali ulipoandika kwamba mama aliulizwa. Ana miaka 74, hajawa mtoto. Mweleze hatari ilivyo, bila kumtisha, kisha umwulize ni nani anayetamani kumwona na kwa namna gani. Anaweza kukushangaza. Pengine atasema yuko radhi kumkosa kila mtu mradi Jumatano ibaki, na hilo likiwa jibu lake lazima mlitafutie njia.

Njia zipo. New Zealand walipojifungia mwaka 2020, kila nyumba ilihesabiwa kuwa kundi moja lisilochanganyika na jingine. Masharti yalipolegezwa kidogo, nyumba iliruhusiwa kuongeza watu wachache wa karibu, kama vile ndugu, ili mradi kundi lote libaki limejifunga. Jambo la kujifunza hapo ni kwamba nafasi ni chache na lazima mtu achague nani wa kuzipata. Kwenu ikiwepo nafasi moja, ni ya binti wa mama. Rafiki zako wahamie nje: barazani, au mtembee pamoja jioni. Najua karata hazichezeki vizuri penye upepo. Tafuteni mchezo mwingine, au mpige soga tu, ambayo nadhani ndiyo mnayoifuata.

Hata huyo wifi, kwa kuwa ofisi yake ina watu wengi, ningependa aketi nje na mama. Tofauti iwe kwamba atakuta viti vyote viko nje, na mama ameshaketi pale, shuka miguuni kama kuna baridi. Kiti kimoja barazani ni adhabu. Vitano ni mazungumzo. Kiti chake kiwekeni upande wa sikio zuri la mama, ili asilazimike kupaza sauti wala kuinama usoni. Kama mama anataka kuona uso wa mwanawe, wifi akae hatua kadhaa mbali, avue barakoa, atabasamu, waangaliane wee mpaka watosheke, kisha aivae kabla ya kusogea. Kumkumbatia? Kama mama analihitaji sana, wote wavae barakoa, nyuso zielekee pande tofauti, iwe fupi, na wasiongee wakiwa wameshikana. Siku ya mvua mkilazimika kuingia ndani, dirisha wazi na mlango wazi, barakoa usoni, na muda wa Jumatano ukatwe.

Sasa nani apeleke ujumbe? Si wewe. Acha kumpigia simu. Aliyekaa kimya siku ya kiti ndiye anayepaswa kuongea, na kama alifikiri umezidisha, nafasi ya kulisema ilikuwa kabla, alipokuona unabeba kiti kwenda nje. Mume wako ampigie dada yake na aseme kitu kama hiki: "Dada, mama anakuulizia. Tumekubaliana sote, mimi wa kwanza, kwamba kwa sasa hakuna mgeni anayeketi ndani, na wale rafiki wa Jumamosi nao wamehamia nje. Jumatano tutakaa barazani sote. Kiti chako kiko jirani na mama." Asiseme "mke wangu anaomba". Asiseme "unajua alivyo". Akisema hivyo atakuwa amekuuza, na mtarudi mlikotoka.

Kule kwenye kundi la WhatsApp usijibu fumbo. Hata kwa kikatuni. Fumbo likijibiwa linapata watoto.

Sherehe ya miaka 40 bado ina nafasi ya kuokolewa, kwa sababu mwezi mzima upo mbele. Mume wako, mambo yakishatulia, amwulize dada yake kama anaweza kuifanya mchana, nje, na watu wachache, na ajitolee kazi: yeye atapanga viti, kila nyumba na kundi lake, na muziki uwe wa chini ili watu wasilazimike kupigiana kelele masikioni. Pendekezo linaloambatana na mikono ya kubeba viti husikika tofauti na pendekezo tupu. Akikubali, mama aende, akae pembeni penye hewa, arudi mapema.

Akisema lazima iwe ndani, basi mama haendi, na hilo liambiwe wiki kadhaa kabla. Mkingoja siku yenyewe litaonekana ni kisasi. Nyinyi wawili nendeni kabla wageni hawajajaa, barakoa usoni, mkabidhi zawadi mlangoni, mmpongeze, mrudi. Wakati wa kukata keki mama apigiwe simu ya video, awe amevaa nguo yake nzuri na ameshaandaa la kusema. Na kama mume wako atashindwa kuondoka mapema, kwa kuwa ni dada yake na mambo haya tunayajua, basi akirudi ajitenge na mama. Dalili huweza kuchelewa hadi siku 14, ingawa kwa wengi hujitokeza karibu na siku ya tano. Avae barakoa akiwa karibu naye, asile naye meza moja, dirisha liwe wazi. Ni kero, ndiyo. Amueleze mke wake kabla ya sherehe kwamba atavumilia kero hiyo.

Kama chanjo imeshafika kwenu na daktari wa mama hana pingamizi, mpelekeni. Hesabuni wiki mbili baada ya dozi ya mwisho kabla hamjalegeza chochote, na hata hapo legezeni kidogo kidogo.

Umebaki moyo unaokwenda mbio ukikumbuka siku ya duka. Nadhani nusu yake ni kirusi na nusu ni aibu ya ile siku. Kwa yule bwana sina la kukuambia zaidi. Hutakutana naye tena, na mkikutana mpishe apite. Keshia ni jambo jingine. Yeye anashinda pale nyuma ya kioo cha plastiki, anapumua hewa za foleni nzima tangu asubuhi, na bado ukamfokea kwa kosa la mtu mwingine. Siku ukienda, ukishalipa, mwambie kwa sentensi moja kwamba siku ile ulikuwa na hofu na hakustahili maneno yale. Kisha mwulize duka huwa tupu saa ngapi. Maduka mengi yana saa kama hiyo, asubuhi sana au karibu na kufunga, na hakuna anayeijua kuliko yeye.